Hati ya Shangazi: Dhana Potofu Kuhusu Ufeministi na Mashujaa wa Nyumbani, Kutoka Kigoma

Msichana wa Kigoma akijitaja kuwa mfeministi, hukumu yake hutoka hapohapo: hataolewa, anawachukia wanaume, kaharibiwa na simu, na iko siku atarudi kulia kwa mama yake. Mimi najiita hivyo, iwe sokoni Mwanga au msibani Ujiji, na maneno hayo nimeyasikia yote. Mengi nimeyasikia kwa wanawake walionilea, na haohao ndio walionifanya niwe hivi. Nitachukua yale yanayorudiwa mno na kuyaweka kando ya ninayoyajua. Sitayapa nafasi sawa, kwa sababu hayana uzito sawa.

Dhana: "Hayo mambo mmeyatoa Beijing"

Wazee wetu hawajausahau mkutano wa wanawake wa mwaka 1995. Mwanamke akimwambia mumewe naye amwogeshe mtoto, ataulizwa kama alikwenda Beijing. Wanachosahau ni nani alikuwa Katibu Mkuu wa mkutano ule: Gertrude Mongella, mzaliwa wa Ukerewe. Hata hiyo Beijing ilikuwa na mkono wetu.

Lakini hatuna haja ya kufika China, wala Ukerewe. Kasulu hapo, katika utawala wa Heru, Waha walikuwa na Mwami, yaani mtawala wa jadi, mwanamke, Theresa Ntare, aliyeshika kiti katika miaka ya 1940 na kukaa nacho mpaka utawala wa jadi ulipofutwa baada ya uhuru. Tabora nako, Mtemi Isike wa Unyanyembe alipokufa mwaka 1893 katika vita na Wajerumani, aliyekalishwa kitini baada yake alikuwa mwanamke, Nyaso. Sasa tazama huko tunakoambiwa tumeiga. Mke wa Kifaransa aliruhusiwa kufungua akaunti ya benki bila idhini ya mumewe mwaka 1965. Wanawake wa Uswisi walipata haki ya kupiga kura za kitaifa mwaka 1971, na mwaka huohuo Tanzania ilipitisha Sheria ya Ndoa iliyotamka kwamba mwanamke aliyeolewa anaweza kupata mali, kuimiliki na kuiuza kama mwanamume.

Sisemi kwamba Buha au Unyanyembe ilikuwa pepo ya wanawake. Mwanamke mmoja kitini hakumpa shamba mwanamke aliyekuwa analima, na wakoloni walikuwa na sababu zao za kumkalisha waliyemtaka. Ninachodai ni kidogo: mwanamke kuamua jambo na wanaume wakalifuata si jambo lililoteremka na boti juzi.

Dhana: "Bibi zetu walivumilia, ndiyo maana ndoa zao zilidumu"

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote, na ndiyo hasa iliyonifanya niandike.

Shangazi yangu mmoja wa Ujiji alipofariki, watu walizungumza sana siku ya arobaini. Kila aliyesimama alisema marehemu alikuwa mvumilivu. Alimvumilia mume, aliwavumilia wakwe, aliivumilia shida. Nilikaa nikingoja mtu ataje kiwanja. Hakuna aliyekitaja. Na kiwanja ndicho kilichokuwa habari yake kubwa, kila mtu katika ukoo wetu alikijua.

Shangazi alikuwa akinunua dagaa mwaloni Kibirizi alfajiri, boti zinaporudi. Aliwaanika mchangani, akakaa juani kuwageuza na kufukuza kunguru, akafunga magunia, akayapandisha treni kwenda Tabora kwa mwanamke mwenzake aliyekuwa akimuuzia. Siku za mbalamwezi wavuvi hawaingii ziwani, maana dagaa hufuata taa za karabai na mwezi ukiwaka taa hazina kazi. Siku hizo wengine walipumzika. Yeye alikuwa akizunguka kukusanya madeni. Alicheza upatu na wanawake ambao mume wake hakuwajua hata majina. Zamu yake ilipofika alinunua kiwanja, akaandikisha jina lake, na hati akaiweka kwa rafiki yake, nyumba ya tatu kutoka kwake. Mume aliishi miaka mingi akidhani wamepanga.

Mume alipofariki, mashemeji walikuja na orodha: kitanda, baiskeli, redio, mabati. Vyote walivibeba. Kiwanja hawakukigusa, kwa kuwa hakikuwa na jina la ndugu yao. Watoto wake wamekulia hapo.

Sasa niambie, huo ni uvumilivu? Ni hesabu, ni siri iliyotunzwa vizuri, ni mtandao wa wanawake waliokuwa wakiaminiana kwa hela taslimu. Uvumilivu ulikuwapo, sikatai, lakini ulikuwa gharama aliyolipa. Tunapomsifu mtu kwa gharama na kunyamaza kuhusu alichokinunua, tunawafundisha mabinti kulipa bila kununua kitu. Ukienda kichen pati yoyote mjini hapa utayasikia mafundisho hayo yakitolewa kwa ngoma na vigelegele, bibi harusi kafunikwa khanga, anaambiwa avumilie kama bibi yake. Hakuna somo anayemnong'oneza bibi yake aliweka wapi hati.

Na hizo ndoa zilizodumu, wengi hawakuwa na pa kwenda. Bibi mzaa mama aliachika mara mbili. Kwenye hadithi za ukoo anahesabiwa kuwa na ndoa moja ndefu yenye baraka. Ndivyo kumbukumbu zinavyopigwa pasi.

Mashemeji wale hawakuwa wezi kwa macho yao wenyewe. Kanuni za sheria ya kimila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963, kwa ajili ya jamii zinazofuata ukoo wa baba, zinasema mjane hana fungu katika urithi iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama alivyowatunza yeye. Walikuwa wakitekeleza walichokiona haki. Upande wa pili zipo Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za 1999, zinazosema haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume. Ile ya vijiji inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke ardhi kwa sababu tu ni mwanamke. Sheria ya Ndoa nayo inazuia nyumba ya familia kuuzwa au kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza, na inatamka wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumchapa mwenza wake. Mambo haya yote yako kwenye vitabu vya serikali moja. Mwanamke anayejua lipi ni lipi huingia ofisi ya kijiji au baraza la ardhi akiwa mtu tofauti. Asiyejua hutegemea huruma ya shemeji.

Shangazi hakujua hata kifungu kimoja. Alijua karatasi yenye jina lake.

Dhana: "Mama yangu hakuwa na kazi"

Watu wazima, wasomi, huandika hivyo kwenye fomu: kazi ya baba, mvuvi, kazi ya mama, hana. Mama huyohuyo amechemsha chikichi, akazitwanga, akakamua mawese, akapasua mise, zile kokwa za chikichi, kwa jiwe jioni ili apate mafuta ya kutengenezea sabuni, na katikati ya hayo amelea watoto.

Suala hili lilifika Mahakama ya Rufani ya Tanzania katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, iliyoamuliwa mwaka 1983. Swali lilikuwa moja: mke aliyekaa nyumbani, akapika na kulea, amechangia mali iliyopatikana katika ndoa au hakuchangia? Kabla ya hapo majaji walikuwa wamegawanyika. Wengine waliona hayo ni majukumu ya mke tu, hayana bei. Mahakama ya Rufani ikasema ni mchango, na unastahili kuhesabiwa wakati wa kugawana mali.

Bi Hawa mwenyewe hakuondoka na kitu cha ziada. Mahakama iliona alikwishapewa na mumewe fedha za kuanzisha biashara akazitumia vibaya, na rufani yake ikakataliwa. Nampenda kwa hilo pia. Kanuni inayowalinda maelfu ya wake leo haikuletwa na malaika, ililetwa na mwanamke aliyefuja mtaji na bado akaona ana haki ya kuuliza.

Kwa hiyo ukijaza fomu, andika kazi. Mchuuzi wa mawese, mkulima, mlezi. Kalamu haitaisha wino.

Dhana: "Mfeministi anawachukia wanaume"

Kuna mwanamke wa Kagera, Holaria Pastory, aliyerithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake. Uzeeni, hana wa kumtunza, akaliuza. Mtoto wa kaka yake, Bernardo Ephrahim, akaenda mahakamani kudai mauzo yabatilishwe, kwa kuwa mila ya Kihaya haikumruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo ilhali mwanamume aliruhusiwa. Mwaka 1990, Mahakama Kuu Mwanza, Jaji Mwalusanya alisema mila hiyo ni ubaguzi, inapingana na Katiba, na mauzo yake ni halali.

Watu hukumbuka jaji na mama aliyeshinda. Mimi humfikiria yule baba. Aliketi akaandika wosia, akampa binti shamba, katika nchi ya mila ile. Jaji ni mwanamume, baba ni mwanamume, aliyeshtaki ni mwanamume. Kama ufeministi ungekuwa vita ya jinsia mbili, kesi hii ungeipanga upande gani?

Babu yangu alimsomesha mama mpaka mwisho wa uwezo wake, akiuza ng'ombe ambao kaka zake mama walitarajia kuolea. Babu huyohuyo hakuwahi kumruhusu bibi kusema neno mbele ya wageni. Nawaweka wote wawili, babu yule na babu huyu, katika mtu mmoja, na sioni ugumu.

Dhana: "Ni ya wasomi na watu wa mjini"

Bibi Titi Mohamed alisoma mpaka darasa la nne. Aliimba katika kikundi cha lelemama Dar es Salaam, na vikundi kama hivyo vya ngoma, pamoja na wauza maandazi na wapika pombe, ndivyo alivyoviingiza TANU miaka ya 1950, wakati wanaume wengi wenye ajira serikalini waliogopa kupoteza kazi zao. Wasomi walipoketi Tabora Januari 1958 kubishana kama chama kishiriki uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia, chama chenyewe kilikuwa tayari kimesimama kwa ada za wanawake wa namna hiyo. Digrii ni nzuri, nami nimeitafuta. Ila atakayeniambia shangazi wa dagaa hawezi kuelewa usawa kwa kuwa hajasoma nadharia, hajawahi kubishana bei naye.

Dhana: "Dini imekataza"

Ujiji ni mji wa misikiti, kwa hiyo nitasema la kwetu. Katika Uislamu mahari ni ya mke, na mali ya mke ni yake. Mume hana ruhusa ya kuichukua. Bi Khadija alikuwa mfanyabiashara mwenye misafara, na Mtume, rehema na amani zimshukie, alifanya kazi kwake kabla hawajaoana. Binti amepewa fungu la urithi kwa kutamkwa ndani ya Qur'ani.

Kweli, fungu hilo ni nusu ya la kaka yake. Wapo wanaouliza na wapo wanaoeleza, na mjadala huo hauniogopeshi. Kinachonishangaza ni familia ambazo binti hapewi hata hiyo nusu. "Kaka yenu atawatunza," na nyumba inauzwa. Halafu binti akidai, anaambiwa ameiacha dini.

Dhana: "Kujiamini ni kusimama peke yako"

Picha tunazooneshwa za mwanamke anayejiamini ni za mtu mmoja: suti, mikono kiunoni, hamhitaji yeyote. Kigoma tuna mfano unaokataa picha hiyo, tena ni wa mgeni.

Tarehe 14 Julai 1960, Jane Goodall alishuka Gombe, kaskazini ya mji wetu, kuanza kuwachunguza sokwemtu. Alikuwa na umri wa miaka 26, hana digrii. Dunia nzima inamkumbuka akiwa peke yake msituni na darubini. Lakini serikali ya kikoloni ilikataa msichana akae kule peke yake, na aliyekubali kufuatana naye ni mama yake, Vanne. Mama yule alikaa kwenye hema miezi kadhaa, akaugua malaria pamoja na binti yake, na akafungua kazahanati kadogo ka kuwahudumia wavuvi wa pwani ile kwa dawa za kawaida. Ujirani mwema uliotokana na dawa hizo ulimsaidia binti kuliko barua yoyote ya serikali. Leo abiria wanaopanda boti Kibirizi kwenda Gombe wanajua jina la binti. La mama hawalijui.

Kujiamini kwangu kuna watu nyuma yake vilevile. Naweza kumwambia mwenye nyumba kwamba mkataba haumruhusu kupandisha kodi katikati ya mwaka, na sauti isitetemeke, kwa sababu nilikua nikimwangalia mama mkubwa akimrudishia tajiri wa dagaa gunia lililopunjwa mbele ya watu. Sikuzaliwa na sauti hii. Niliirithi, na urithi huu hakuna shemeji aliyeuorodhesha.

Dhana: "Shujaa wa ukoo hakosolewi"

Upande huu wanakosea wafeministi wenzangu. Siku hizi imekuwa mtindo: tarehe 8 Machi ikifika, kila mtu anaweka picha ya bibi yake na kumtangaza kuwa mfeministi wa kwanza wa kijiji. Vitenge vya sare vinashonwa, maneno matamu yanamwagika. Bibi huyo pengine alimfukuza mkwe wake kwa kuzaa mabinti watupu. Pengine alimshikilia mjukuu siku anapelekwa kwa mume asiyemtaka. Ukimfanya mtakatifu, umemfungia nje ya mazungumzo kama wale waliomwita mvumilivu.

Nimerudi kwa mama mkubwa, yule wa gunia. Kuhusu ndoa za mabinti, sikubaliani naye hata chembe. Sheria ya Ndoa, hiyo hiyo niliyoisifu huko juu, iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa idhini ya wazazi, wakati mvulana alitakiwa awe na 18. Mwaka 2016, Rebeca Gyumi alifungua kesi na Mahakama Kuu ikaamua vifungu hivyo vinakiuka Katiba, ikatoa mwaka mmoja virekebishwe. Serikali ikakata rufani, na tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaikataa rufani hiyo. Mwaka mmoja uliotolewa ulipita bila marekebisho.

Nilipomweleza mama mkubwa habari za hukumu hiyo, alisema majaji hawana mabinti wa kulisha. Akasema yeye mwenyewe aliolewa na kumi na tano, na mbona ana maduka mawili. Nikamwambia maduka aliyapata baada ya kuachika. Akanitazama. Akasema nimesoma kupita kiasi, kisha akaniuliza kama nimekula, na kwa nini nimekonda, na lini nitampelekea yule kijana amwone. Mjukuu wake wa kidato cha pili alikuwa pembeni anafunga hesabu za duka, na sisi wote wawili tulijua ada ya muhula ule ni nani aliyeilipa.